Chanjo Mpya Imefika Kituo cha Afya: Namna ya Kuamua Wakati wa Janga

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu jijini Dar es Salaam, na kwa kitendo hicho Tanzania ikazindua rasmi chanjo dhidi ya UVIKO-19. Siku nne kabla yake zilikuwa zimewasili dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson. Serikali ilitangaza kuwa kuchanjwa ni hiari, na tangu hapo swali likahamia majumbani: nichanjwe au nisichanjwe, na mama je? Hiari humpa mtu haki, lakini pia humtwika kazi ya kufikiri, na wengi waliachiwa kazi hiyo bila kuonyeshwa namna ya kuifanya.

Mwongozo huu unaeleza hatua ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifuata chanjo mpya inapofika wakati wa janga. Mifano mingi nimeitoa katika UVIKO-19 kwa sababu takwimu zake zinafahamika vizuri, lakini hatua zenyewe zinafaa pia kwa ebola, kwa mpox, na kwa ugonjwa utakaofuata.

Hatua ya 1: Uliza swali lililo sahihi

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Je, chanjo hii ni salama?" Swali hilo halina jibu la ndiyo au hapana, kwa kuwa hakuna dawa, hata ya maumivu ya kichwa, isiyo na madhara kwa mtu yeyote. Chukua karatasi, andika jina la mtu anayehusika, umri wake, maradhi aliyonayo, kazi yake na watu anaoishi nao, kisha uandike swali hivi: kwa mtu huyu, mahali hapa, mwezi huu, hatari ipi ni kubwa zaidi, ile ya kuchanjwa au ile ya kukaa bila chanjo wakati ugonjwa unazunguka?

Fanya karatasi moja kwa kila mtu wa nyumbani. Jibu la bibi wa miaka 68 mwenye kisukari linaweza kutofautiana na jibu la mjukuu wake wa miaka 24 anayeendesha bodaboda, ingawa wanakula sahani moja. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni familia nzima kufuata uamuzi wa mtu mmoja, ambaye kwa kawaida ni kijana mwenye simu na sauti kubwa kuliko wote, na ambaye ndiye mwenye hatari ndogo kuliko wote.

Hatua ya 2: Jua ni chanjo ipi hasa

Neno "chanjo ya korona" lilikusanya vitu vingi tofauti. Chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson zilitumia kirusi kingine kilichodhoofishwa kisiweze kuzaliana, kikabebeshwa maelekezo ya kutengeneza protini moja ya kirusi cha korona. Pfizer na Moderna walipeleka maelekezo hayo yenyewe kwa njia ya molekuli ya RNA, ambayo mwili huivunja baada ya muda mfupi na ambayo haiingii kwenye kiini cha seli zinapokaa chembe za urithi. Sinopharm ilitumia kirusi cha korona kilichouawa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na kirusi hai cha korona, kwa hiyo hakuna iliyoweza kumwambukiza mtu UVIKO-19.

Andika jina la chanjo inayotolewa katika kituo chako, idadi ya dozi zake, na watu ambao mtengenezaji anasema wasipewe. Bila jina huwezi kuchunguza lolote, kwa sababu habari ya madhara ya chanjo moja si habari ya nyingine. Kisha hakikisha kwamba imeidhinishwa. Kwa Tanzania chombo kinachohusika ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu, na kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani huwa na orodha ya chanjo zilizokubaliwa kwa matumizi ya dharura. Chanjo ya Pfizer iliingia katika orodha hiyo tarehe 31 Desemba 2020, na ya Johnson & Johnson tarehe 12 Machi 2021, miezi minne na zaidi kabla haijafika Tanzania.

Hatua ya 3: Chunguza haraka ilitoka wapi

Hili ndilo lililowatia wengi shaka, na shaka hiyo ilikuwa ya haki. Ramani ya vinasaba vya kirusi cha korona ilitangazwa mnamo Januari 2020, na tarehe 2 Desemba mwaka huohuo Uingereza ikaidhinisha chanjo ya Pfizer. Chanjo ambazo watu walizizoea zilichukua miaka mingi kutengenezwa. Kwa nini hii ikamilike kwa miezi kumi na moja?

Ili kujibu, tenganisha sehemu za kazi yenyewe. Sehemu ya kwanza ni utafiti wa msingi, na huo haukuanza mwaka 2020. Virusi vya jamii ya korona vilikuwa vikichunguzwa tangu mlipuko wa SARS wa 2003 na ule wa MERS uliogunduliwa 2012, magonjwa mawili ya njia ya hewa yanayoletwa na virusi hivyo, na ndiyo maana wanasayansi walijua tangu mapema ni protini ipi ya kulenga. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 njia ya kuifanya RNA isikataliwe na mwili, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Sehemu ya pili ni majaribio kwa binadamu, ambayo hupita katika awamu tatu: makumi ya watu kwanza, kisha mamia, kisha makumi ya maelfu. Katika nyakati za kawaida, awamu moja ikiisha watu husubiri fedha na vibali kwa miezi au hata miaka kabla ya kuanza nyingine. Safari hii fedha zilikuwapo tayari, awamu zilipishana, na viwanda vilianza kuzalisha dozi kabla matokeo hayajajulikana, kwa kukubali kwamba zingetupwa iwapo chanjo ingeshindwa. Tena ugonjwa ulikuwa umeenea mno, hivyo haikuchukua muda kupata wagonjwa wa kutosha wa kulinganisha. Jaribio la chanjo hujibu swali lake pale tu watu wanapougua. Ugonjwa ukiwa haba, jaribio huvuta miaka.

Sehemu ya tatu ni muda wa kuwaangalia waliochanjwa, nao hauwezi kufupishwa kwa fedha. Hapo ndipo penye upungufu wa kweli, na mtaalamu anayeuficha hawatendei watu haki. Chanjo hizo ziliidhinishwa baada ya nusu ya washiriki kufuatiliwa kwa takriban miezi miwili au zaidi. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha, kwani historia ya chanjo inaonyesha kwamba madhara makubwa, yakiwapo, hujitokeza zaidi katika wiki sita za mwanzo. Hata hivyo madhara yanayompata mtu mmoja katika laki moja au milioni hayawezi kuonekana katika jaribio la watu 40,000. Yataonekana pale tu mamilioni watakapochanjwa.

Kwa hiyo, unapotathmini chanjo mpya, uliza mambo mawili: kipi kilifupishwa, na ni watu wangapi wameshachanjwa nje ya majaribio. Mwanzoni mwa Desemba 2020, kwa chanjo ya Pfizer, jibu la swali la pili lilikuwa karibu na sifuri. Chanjo ilipofika Tanzania, zaidi ya dozi bilioni 3 za chanjo mbalimbali zilikuwa zimeshatolewa duniani. Bara la Afrika kuwekwa nyuma katika foleni ilikuwa dhuluma iliyogharimu maisha, na sioni sababu ya kuiita jina jingine. Lakini kwa aliyekuwa akiamua mwezi ule, ucheleweshaji huo ulikuwa umemletea ushahidi ambao wa kwanza kuchanjwa hawakuwa nao.

Hatua ya 4: Soma asilimia kwa kuangalia hesabu iliyo nyuma yake

Tuliambiwa kwamba chanjo ya Pfizer ina ufanisi wa asilimia 95. Wengi walielewa kuwa kati ya watu 100 waliochanjwa, 5 wataugua. Sivyo. Katika jaribio lile, watu 18,198 waliohesabiwa upande wa chanjo walitoa wagonjwa 8, na watu 18,325 waliopewa sindano ya maji ya chumvi tu walitoa wagonjwa 162. Wagonjwa walipungua kutoka 162 hadi 8, na upungufu huo ndio asilimia 95.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. Kwanza, chanjo ilifanya kazi waziwazi. Pili, hata upande usio na chanjo, waliougua walikuwa chini ya mmoja katika kila mia kwa kipindi cha jaribio, kwa hiyo faida yako wewe inategemea pia ugonjwa umeenea kiasi gani mahali unapoishi. Katika wimbi kubwa faida hupanda, na mahali ambapo ugonjwa haujafika hushuka.

Angalia vilevile ni jambo gani lililopimwa. Kuzuia mafua na kikohozi ni tofauti na kuzuia kulazwa wodini ukiwa kwenye oksijeni. Chanjo ya Johnson & Johnson ilizuia ugonjwa wa kiasi hadi mkali kwa asilimia 66, na ugonjwa mkali kwa asilimia 85. Watu waliishangaa ile 66 wakaipuuza ile 85, ingawa kwa mzee mwenye shinikizo la damu ni hiyo 85 inayohusu maisha yake.

Hatua ya 5: Pima hatari zote mbili kwa kipimo kimoja

Huwezi kulinganisha "wagonjwa 79" na "asilimia 1.4". Geuza kila takwimu iwe ni watu wangapi katika milioni moja, kisha uziandike mbili hizo zikitazamana katika karatasi yako. Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako kuliko zote.

Chukua mfano wa AstraZeneca. Kufikia mwisho wa Machi 2021, Uingereza ilikuwa imetoa dozi milioni 20 na kubaini watu 79 waliopata damu kuganda pamoja na upungufu wa chembe zinazosaidia damu kuganda. Kati yao 19 walifariki. Hiyo ni sawa na wagonjwa 4 katika kila milioni. Kwa Johnson & Johnson, Marekani ilisimamisha chanjo hiyo kwa siku kumi mnamo Aprili 2021, ikakuta wagonjwa 15 wa aina hiyo katika takriban dozi milioni 8, wote wanawake. Kwa wanawake wa miaka 18 hadi 49, kiwango kilikaribia 7 kwa milioni.

Sasa andika upande wa pili. Makadirio yaliyofanywa mwaka 2020, hasa kwa takwimu za nchi tajiri, yalionyesha kuwa kati ya watu milioni moja wa miaka 65 wanaoambukizwa bila chanjo, wapatao 14,000 hufariki. Kwa wenye miaka 55 ni wapatao 4,000, na kwa wenye miaka 25 ni wapatao 100.

Tazama karatasi ya bibi: 14,000 au zaidi upande mmoja, kwa kuwa ana kisukari, na watu wachache tu upande wa pili. Hata ukidhani kwamba uwezekano wake wa kuambukizwa ni mmoja kati ya kumi tu, bado inabaki 1,400. Kwake yeye sioni namna ya kuhalalisha kusubiri, na nitalisema hilo bila kusitasita kwa yeyote mwenye mzazi wa umri huo.

Karatasi ya binti wa miaka 25 haiko wazi kiasi hicho. Mizani bado inaelemea upande wa kuchanjwa wimbi likiwa kali, lakini pengo limepungua, na iwapo ugonjwa hauko mahali anapoishi, pengo linaweza kufutika. Ndiyo maana Uingereza, mnamo Aprili 2021, iliwashauri walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine badala ya AstraZeneca, huku ikiendelea kuwapa wazee AstraZeneca ileile. Watu walisema serikali imejichanganya. Ukweli ni kwamba ushahidi ulikuwa mmoja, umri ulikuwa tofauti, na chanjo mbadala ilikuwapo. Tanzania Bara ya Julai 2021 ilikuwa na chanjo moja tu na wimbi la tatu likiendelea, kwa hiyo hata kijana hakuwa akichagua kati ya chanjo mbili, bali kati ya chanjo hiyo na ugonjwa.

Mfano wa ebola unaonyesha mizani ikielemea upande mmoja kabisa. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kati ya 2018 na 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287. Chanjo iliyotumika Beni na Butembo ilikuwa bado haijapata idhini kamili mlipuko ulipoanza, ikatolewa kwa utaratibu maalumu wa ridhaa na ufuatiliaji, hasa kwa watu waliokutana na mgonjwa na wale waliokutana na watu hao. Zaidi ya watu 300,000 waliipata. Kwa mtu aliyemuuguza ndugu mwenye ebola, ugonjwa unaoua wawili katika kila watatu, chanjo ambayo haijakamilisha vibali inaweza kuwa chaguo la busara kabisa.

Hatua ya 6: Zipe hofu nafasi, kisha zichuje

Usimcheke mtu anayeogopa. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa mpya. Watoto 11 walifariki, zikafuata kesi za miaka mingi kuhusu ridhaa ya wazazi, na mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Kumbukumbu hiyo ilichangia Kano kusimamisha chanjo ya polio mwaka 2003, na polio kutoka kaskazini mwa Nigeria ikasambaa katika nchi nyingine nyingi. Waliotendewa vibaya walikuwa na sababu ya kutoamini, na watoto waliopooza baadaye hawakuwa na kosa lolote.

Katika kuchuja, tenga hofu inayoweza kupimwa na ile isiyoweza. "Chanjo hii inagandisha damu" ni dai linalopimika. Lilipimwa, likapatikana kuwa kweli kwa watu wachache sana, na tahadhari zikaandikwa. "Chanjo hii ina kifaa cha kukufuatilia" halitaji chanjo gani, nani aliyeona wala wapi. Unapopokea ujumbe kwenye simu, uliza ni chanjo ipi inayosemwa, ni wangapi walioathirika kati ya wangapi, na nani aliyehesabu. Ujumbe usiojibu hata moja kati ya hayo usiupeleke kwa mwingine.

Hatua ya 7: Nenda na maswali yako kwa mhudumu wa afya

Mweleze mhudumu iwapo umewahi kupata mzio mkali baada ya sindano au dawa, iwapo una homa siku hiyo, iwapo unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au iwapo umewahi kupata tatizo la damu kuganda. Kuishi na virusi vya UKIMWI hakukuwa kizuizi kwa chanjo za UVIKO-19, lakini mtajie hata hivyo, kwa sababu chanjo nyingine mpya zinaweza kuwa za aina tofauti.

Mjamzito anahitaji mazungumzo marefu zaidi. Majaribio ya mwanzo hayakuwajumuisha wajawazito, kwa hiyo mwanzoni ushahidi kwao ulikuwa mchache, na wakati huohuo ujauzito wenyewe huongeza hatari ya ugonjwa mkali. Kadiri mwaka 2021 ulivyosonga, takwimu za maelfu ya wajawazito waliochanjwa katika nchi nyingine zilipatikana na ushauri ukawa wazi zaidi. Muulize mkunga au daktari kuhusu chanjo hiyohiyo iliyopo kituoni, wala usikubali jibu la "haina shida" lisilo na maelezo. Ukipewa fomu ya ridhaa, isome yote kabla ya kutia sahihi, na usiyeweza kusoma una haki ya kusomewa.

Hatua ya 8: Ukiamua kusubiri, subiri kitu unachokijua

Kusubiri kunaweza kuwa uamuzi halali, hasa kwa kijana mwenye afya mahali ambapo ugonjwa haujaenea. Lakini andika unasubiri nini na hadi lini: labda taarifa za madhara kwa watu wa umri wako, labda aina nyingine ya chanjo itakayofika mwezi ujao. Andika pia kitakachokufanya ubadili uamuzi mara moja, kwa mfano wagonjwa kuongezeka katika wilaya yako, au mzazi mgonjwa kuhamia kwako. Muda wote huo barakoa, madirisha wazi na kuepuka misongamano ndiyo kinga yako pekee.

Fuatilia pia iwapo kirusi kimebadilika. Mnamo Februari 2021 Afrika Kusini iliacha kutumia AstraZeneca baada ya utafiti mdogo, uliofanywa zaidi kwa vijana, kuonyesha kwamba iliwakinga kidogo tu dhidi ya ugonjwa mwepesi uliotokana na kirusi cha aina ya Beta, ikawaanzishia wahudumu wake wa afya Johnson & Johnson badala yake. Taarifa ya miezi sita iliyopita huenda inahusu kirusi ambacho hakipo tena.

Hatua ya 9: Siku ya kuchanjwa na wiki zinazofuata

Kula, kunywa maji, na uvae nguo inayoacha bega wazi kwa urahisi. Baada ya sindano kaa kituoni dakika 15, au 30 ikiwa una historia ya mzio, kwa kuwa mzio mkali hutokea mapema na hutibika palepale. Maumivu ya mkono, homa, uchovu na kichwa kuuma kwa siku moja au mbili ni maudhi yanayotarajiwa, parasetamoli inatosha. Usihesabu kuwa umekingwa siku hiyohiyo, kwani mwili huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga, na chanjo yenye dozi mbili haijakamilika kwa dozi moja.

Kwa chanjo za aina ya Johnson & Johnson na AstraZeneca, wiki nne za mwanzo ndizo za kuwa macho zaidi. Kichwa kinachouma sana bila kutulia, kutoona vizuri, maumivu makali ya tumbo au kifua, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, au madoa madogo ya damu chini ya ngozi mbali na palipochomwa sindano ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Ukifika, sema wazi jina la chanjo na tarehe uliyochanjwa, kwa sababu tiba ya kuganda kwa damu kwa aina hii si ile ya kawaida. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya kuripoti madhara, hata kama huna uhakika kuwa yametokana na chanjo. Wale 79 wa Uingereza na 15 wa Marekani walijulikana kwa sababu kuna walioripoti.

Kadi ya chanjo itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, uipige picha, na nyuma ya ile karatasi yako ya hesabu uandike jina la chanjo, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kichupa na tarehe ya dozi inayofuata.